Hasira Tatu na Kiti cha Mtoto

Asiyependa ugomvi aondoke mapema. Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi, na haijawahi kuisha watu wakiwa bado wameketi. Mwaka jana ilitenganisha wachumba. Mimi mwenyewe nikiisimulia hupandwa na hasira, wala sioni haya kusema hivyo. Nanyi mlionuna huko nyuma, sogeeni, nyinyi mtanielewa haraka.

Palikuwa na watu watatu wa nyumba moja, Wachaga waliokaa Dar es Salaam, na kila mmoja alikuwa na kipawa chake.

Aikande, mama wa nyumba, alikuwa na kipawa cha kusema hapana. Wengine wakibembelezwa hulegea, yeye alizidi kukaza. Ndewario, mumewe, alikuwa na kipawa cha kufunga. Alichokifunga yeye, uwe mzigo au geti la kamba, alikifungua mwenyewe au kilikatwa kwa kisu. Na Bibi Apaikunda, mama yake Ndewario, aliyekuja mjini kutibiwa macho, alikuwa na kipawa cha kutolirudisha nyuma neno lake. Likishatoka kinywani limetoka, hata kama yeye mwenyewe ameshalijutia.

Wote watatu walikuwa wepesi wa hasira. Wahenga walisema hasira hasara, lakini wahenga hawakuwahi kusafiri na watu hawa.

Walikuwa na mtoto, Gidioni, wa mwaka mmoja na nusu. Hilo lilikuwa jina la kanisani. Jina la nyumbani hakuwa nalo, kwa sababu hakuwa amefika mlimani kwao. Katika ukoo wao, mtoto anayefika kwao mara ya kwanza huchinjiwa mbuzi, na kidari cha mbuzi huyo hupewa mtu mmoja tu, yule aliyemtendea mtoto jambo kubwa kuliko wote. Anayekabidhiwa kidari ndiye anayetaja jina, na jina likishatajwa halifutwi. Kidari hicho hakigawanywi hata kwa ncha ya kisu.

Desemba ikakaribia, na Desemba Mchaga asiyekwenda kwao huulizwa nani amemroga. Ndewario alikuwa na gari dogo. Safari ikapangwa. Aikande akasema mtoto hasafiri bila kiti chake.

Sasa sikilizeni la kwanza.

Aikande alikwenda madukani kutafuta kiti. Alitaka kile kinachofungwa mtoto akitazama nyuma ya gari akiwa mdogo, kisha akikua na shingo yake ikikomaa kinageuzwa atazame mbele. Muuzaji wa kwanza alimtolea kiti kizuri chenye picha za twiga.

"Hiki kinageuka?" Aikande akauliza.

"Dada, kila kiti kinageuka ukikigeuza," yule kijana akamjibu, na wenzake wakacheka.

"Nauliza kama mtoto anaweza kufungwa humu akitazama nyuma."

"Atazame nyuma anamtafuta nani? Nenda kamlete mzee, tuongee naye. Wewe utajichosha bure."

Hapo ndipo hasira ya kwanza ilipozaliwa. Aikande hakutukana. Alikipindua kiti cha twiga, akaona plastiki ya chini imepasuka na ufa umefunikwa kwa rangi. Akaenda duka la pili, la tatu, kila mahali akikipindua kiti, akisoma maandishi ya ubavuni, akiuliza uzito na urefu wa mtoto kinayemfaa. Kimoja kilikuwa cha mtumba na muda wake wa kutumika ulikuwa umepita. Kingine kilitazama mbele tu. Wifi zake walimpigia simu kumwambia kwamba wao wote walikulia mapajani na hakuna aliyekufa. Akawajibu kwamba waliokufa hawapigi simu. Akatafuta hadi akakipata kiti chenyewe, kizito, cheusi, kisicho na picha hata ya sisimizi, akakibeba kichwani hadi kituoni. Alikichagua kwa hasira, na alichagua sawasawa.

La pili hili hapa.

Kiti kilipofika, Ndewario alikitazama akakichukia. Kiti cha namna hiyo kikitazama nyuma kinakula nafasi. Ilibidi kiti cha abiria wa mbele kisogezwe hadi magoti ya mtu yaguse dashibodi. Majirani wakaja kutazama. Mmoja, aliyependa kumtania Uchaga wake, akasema, "Mangi, umeongeza injini ya pili?" Wakacheka hadi wakashikana mabega.

Aikande akajaribu kukitikisa kiti, kikacheza. "Kinacheza," akasema.

"Kidogo."

"Kidogo ndiyo kucheza kwenyewe, Baba Gidi."

Ndewario aliingia ndani ya gari, akaweka goti juu ya kile kiti, akauvuta mkanda kwa nguvu zote za mwanamume aliyechekwa mbele ya wanaume wa mtaa. Alikuwa akinong'ona peke yake, "Unataka kisicheze? Hakitacheza. Siku ukitaka kukitoa, utaniita." Alipomaliza, ukikishika kiti pale mkanda unapopita na kukitikisa, gari lote linatikisika nacho. Alikifunga kwa hasira, na alifunga sawasawa.

La tatu ndilo linaloniudhi zaidi.

Walisafiri vizuri hadi Same, wakasimama kula. Aikande mbele na magoti yake kwenye dashibodi, Ndewario kwenye usukani, Bibi nyuma pembeni ya mtoto, naye Gidioni akitazama kioo cha nyuma. Walipomaliza kula, Bibi hakupanda gari. Alisimama mlangoni.

"Mgeuzeni mtoto," akasema.

"Kwa nini, mama?" Aikande akauliza.

"Tukitoka hapa si mbali mlima utaanza kuonekana. Mtoto anakwenda kwao mara ya kwanza, nanyi mnampeleka kisogo mbele. Kwetu anayeingia nyumbani kinyumenyume ni mwizi, au ni mtu aliyekuja kulaani. Mlima umwone uso."

"Mama, akifika tutamgeuza. Tutamsimamisha uani autazame hadi achoke. Kwenye gari bado. Shingo yake bado changa."

"Shingo za wanangu saba zilikuwa za chuma?"

Ndewario alikuwa akiangalia upepo wa matairi ambayo hayakuwa na shida yoyote. Bibi akamwita kwa jina lake kamili. Ndewario akasema, kwa sauti ya chini, "Mama, kiti kile nimekifunga mimi. Kukifungua ni kazi ya nusu siku."

Bibi akapanda gari bila neno. Hasira ya mzee aliyenyamaza mnaijua.

Hawakwenda mbali, Gidioni akaanza kulia. Alilia kilio cha mtoto aliyechoka, kile kinachoingia kwenye meno. Joto lilikuwa kali. Aikande akavumilia, akaimba, akapitisha mkono nyuma akagusa mguu wake. Mwishowe yule aliyetembea maduka yote akisema hapana, hapana yake ikamwisha. "Mama, mfungulie, nipe nimnyonyeshe kidogo tu. Akilala tutamrudisha."

Na yule aliyefunga mkanda kwa goti akasema, "Mtoeni. Nitakwenda polepole."

Bibi akaweka kiganja juu ya kifungio cha mkanda wa mtoto. "Hatoki," akasema.

"Mama, analia."

"Na alie. Nilisema ageuzwe, mkaniambia kiti kinajua kuliko mimi niliyezaa saba. Basi kiti kimlee. Kimnyonyeshe. Alie hadi huo mlima usikie jeuri yenu."

"Mama, tafadhali."

"Nimeshasema."

Aikande akafungua mkanda wake ili ageuke amchukue mtoto mwenyewe. Bibi akampiga mkono kofi. Mkwe kumpiga mkamwana, mbele ya mwanawe. Aikande akarudi kukaa, akajifunga mkanda huku machozi ya ghadhabu yakimtoka. Bibi alimkatalia kwa hasira, na sisemi zaidi, kwa sababu mbele palikuwa na kona.

Nyuma ya kona ile palikuwa na lori lililoharibika, limeachwa katikati ya njia. Dereva hakuwepo. Hakuweka hata jani barabarani la kuwaonya wenzake, na majani pale yalikuwa pande zote mbili, hayauzwi. Mtu huyo simjui, lakini kila ninaposimulia hapa huwa namtafuta kati ya nyuso zenu.

Ndewario alikanyaga breki zote alizokuwa nazo. Gari likaingia chini ya lori hadi kwenye kioo. Mkono wa Aikande ukavunjika. Usukani ukamponda Ndewario kifua. Bibi mkanda ulimvunja mbavu. Na kile kiti cheusi hakikusogea. Kilimpokea mtoto mgongoni, kichwani na shingoni kwa pamoja, kikamshika. Watu wa kijiji walipokuja mbio walimkuta ametulia, ananyonya kidole, amewatolea macho. Hakuwa na mchubuko.

Daktari mmoja pale hospitali aliwaambia wazi kwamba mtoto angekuwa mapajani, wangekuja kuchukua maiti. Na angekuwa anatazama mbele, kwa shingo ile, yeye daktari asingependa hata kusema yangempata nini.

Sasa twendeni uani kwao, mlimani. Mbuzi amechinjwa. Aikande ana mkono kwenye plasta, Ndewario anapumua kwa shida, Bibi amekaa ameegemea mito. Baba mkubwa Yeremia, mwenye kisu cha ukoo, ameweka kidari juu ya jani la mgomba. Akauliza, "Nani alimtendea mtoto jambo kubwa kuliko wote?" Wote watatu wakajibu kwa pamoja.

Aikande akasema, "Ni mimi. Bila mimi kisingekuwepo kiti cha kufunga wala cha kukatalia. Nilikuwa na mdogo wangu, Elifuraha, aliyefia mapajani mwa mama yetu barabarani, gari lilipogonga ng'ombe. Jina lake halijaitwa tangu siku ile. Nataka liitwe."

"Ukaomba huyu naye umweke mapajani," Bibi akasema.

Aikande akauvuta kifuani ule mkono wenye plasta.

Ndewario akasema, "Kiti kilichonunuliwa kisipofungwa ni jiwe ndani ya gari, lingemwua mtoto na kutuua sisi. Mimi ndiye niliyekifunga. Kaka yangu Manase alikufa bila mtoto. Nisipolitaja mimi jina lake, nani atalitaja?"

"Manase nilimzaa mimi," Bibi akasema. "Usinifundishe kumlilia. Na wewe ulisema mtoto atolewe, nilikusikia." Akapumzika kwa sababu ya mbavu. "Nyinyi wawili mlifanya yenu, kisha mkayaacha njiani. Dakika ile ya mwisho mtoto alikuwa na nani? Alikuwa na mkono wangu. Ataitwa Kirita, jina la mume wangu."

"Mama, wewe hukuwa unamwokoa," Aikande akasema. "Ulikuwa unatukomoa. Lingefuatwa neno lako pale Same, tungemzika."

"Na ingefuatwa huruma yako baada ya Same, tungemzika vilevile. Afadhali kukomoa kwangu."

Baba mkubwa Yeremia akashusha kisu. Amekishusha, hajakata.

Najua mtakayosema. Kuna mpole mmoja hapo atasema wagawane. Nimeshasema kidari hakigawanywi, na mpole huyo naomba anyamaze, wapole ndio wanaoweka watoto mapajani. Mwingine atasema nia ndiyo huhesabiwa, Bibi hakuwa na nia njema. Haya, muuzaji angemheshimu Aikande, angetembea maduka yote? Majirani wasingecheka, Ndewario angeweka goti? Nionyesheni aliyemwokoa mtoto huyu kwa upendo mtupu, nami nitampa kidari kwa mkono wangu.

Tena sikieni hili, ndilo linaloninyima raha. Kiti kilichopigwa ajali hakitumiki tena, hata kikionekana kizima. Kile cheusi kimeshatupwa. Baada ya Mwaka Mpya mtoto anarudi Dar kwa gari la kuazima, barabara ileile, na lazima kipatikane kiti kingine. Mtu akichague, mtu akifunge, mtu akatae mtoto asitolewe. Lakini wale watatu hawasemezani. Kila mmoja ameapa kwamba akinyimwa kidari hatagusa tena jambo la mtoto yule, na mnajua vipawa vyao. Baba mkubwa Yeremia amechoka. Amesema atakayesikia habari hii ndiye aamue, akaondoka kwenda kunawa.

Basi nyama inapoa, mtoto anachezea mkia wa mbuzi kwenye majani, na bado hana jina. Kisu hiki hapa, kishike. Je, unamkatia nani, na wawili utakaowanyima, utamrudishaje mtoto bila wao?