Nguo ya Rangi ya Kwenzi

Isome hadi mwisho, kisha umtumie yule uliyemkumbuka ulipokuwa unasoma. Si lazima kundi zima.

Katika nchi moja ya bara alikuwepo mtemi ambaye hajawahi kuona mgongo wa mtu.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya baraza lake. Ukiingia, unaingia ukimtazama. Ukimaliza shida yako, unatoka kinyumenyume, uso kwake, kisogo mlangoni, mpaka uvuke kizingiti. Wazee kadhaa walijikwaa na kuanguka katika mwendo huo, na kila aliyeanguka alisifiwa kwa adabu yake.

Mtemi naye alikuwa na sheria yake. Akishakaa kwenye kiti cha hukumu, hainuki mpaka baraza liishe. Kiti chenyewe kilikuwa ndani kabisa, kwenye giza, mbali na mlango. Kila alichokihukumu, alikihukumu akiwa hapo.

Nje ya ua wa Mtemi palikuwa na nyumba ya wafumaji. Wanawake walifuma humo tangu enzi za bibi zao, na mkubwa wao alikuwa Nyamizi, mwanamke mrefu, mchache wa maneno, asiyejua kupunguza bei. Watu walisema ana maringo. Aliposikia hivyo alijibu, "Ninayo. Nimeyafanyia kazi."

Siku moja akafika mfanyabiashara na majora ya nguo nyekundu, nyekundu ya kupiga kelele, inayoonekana hata kwenye giza. Mnyampara mkuu, Sengo, aliyekuwa mshauri wa Mtemi, alizipenda nguo zile mara moja. Zawadi aliyopewa pamoja nazo alizidi kuipenda.

"Nguo hizi zinatutosha nchi nzima, Mtemi," akasema. "Nyumba ya wafumaji tuifanye ghala. Na vile vitanda vyao vya mfumi, wanavyofumia nguo, ni mbao kavu, vinafaa kuni."

Mtemi akakubali, kama watu wanavyokubali jambo lisilowagusa.

Nyamizi alipopata habari hakwenda kulia kwa majirani. Alikwenda barazani.

"Mtemi, nipe jaribio," akasema. "Taja nguo yoyote ambayo mfanyabiashara wako hawezi kuileta. Nikishindwa, vitanda vyetu nitavipasua kwa mikono yangu."

Sengo akacheka. Mtemi akatafakari. Wakati huohuo kwenzi alitua kwenye kizingiti. Mnamjua ndege huyo: kivulini ni mweusi kama mkaa, lakini akiingia juani shingo yake inakuwa kijani, akigeuka inakuwa zambarau, akijitikisa inakuwa buluu, na humalizi kuitaja rangi moja kabla hajakuonyesha nyingine. Jua la asubuhi lilikuwa limempiga sawasawa. Mtemi akamtazama mpaka ndege akaruka.

"Niletee nguo ya rangi ile," akasema. "Mpaka mwezi mpya."

Nyumba ya wafumaji ikaingia kazini. Wifi yake Nyamizi, jina lake Kalunde, mwanamke mwepesi wa kila kitu, aliokota manyoya ya kwenzi, akayatwanga, akayachemsha. Yalitoka maji ya rangi ya majivu.

"Tumepata mchuzi," Kalunde akasema. "Rangi bado."

"Hutaipata kwenye chungu," Nyamizi akamwambia. "Rangi haimo ndani ya unyoya. Unyoya na jua ndio wanaoitengeneza pamoja, na wewe umemchemsha mmoja tu."

Akakaa kwenye kitanda cha mfumi na kuanza kufikiri kwa vidole. Nyuzi za mtande, zile zinazonyooshwa kwanza, alizitia kijani cha kukolea. Nyuzi za mshindio, zile zinazopita katikati yake, alizitia zambarau. Alizisokota nyembamba kuliko ilivyo kawaida, akazisugua kwa nta ya nyuki mpaka zikang'aa, akazibana zisiachiane nafasi hata ya mbu kupenya. Alifuma, akafumua, akafuma tena. Mwisho akaichukua nguo, akatoka nayo uani, akaigeuza juani.

Wanawake wote wakaacha kazi. Ukisimama huku, unaona kijani. Ukisimama kule, unaona zambarau. Ukitembea, rangi zinakimbizana juu ya nguo na katikati yake inazaliwa buluu ambayo hakuna aliyeitia.

"Haya, ndege huyo," Kalunde akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Kisha akaichukua nguo, akaingia nayo ndani, akaitazama kwenye kona ya giza. Uso wake ukabadilika.

"Wifi. Huku ni nyeusi."

"Najua. Hata kwenzi kivulini ni mweusi."

"Na Mtemi anakaa wapi?"

Nyamizi akaipokea nguo kutoka kwake.

"Anakaa gizani," Kalunde akasema. "Anakaa gizani na hainuki. Sikiliza, wifi yangu. Tutie uzi mwekundu. Mwingi. Uonekane kutoka kwenye kile kiti. Atasema ni nzuri, nyumba itabaki, halafu haya mambo yako ya ufundi utaendelea nayo baadaye."

"Nikitia nyekundu, kwenzi anakufa."

"Afe kwenzi, tubaki sisi. Hii nyumba si yako peke yako."

Hilo lilimchoma Nyamizi, kwa sababu lilikuwa kweli. Aliwatazama wale wanawake, mmoja mmoja, na kila mmoja aliangalia kwingine. Kisha akaikunja nguo.

"Tukimpelekea nyekundu," akasema, "atakuwa amepata kwetu kile anachokipata kwa mfanyabiashara. Mwakani atatuuliza tuna kazi gani hapa, na hatutakuwa na jibu. Naipeleka hivi ilivyo."

Kalunde akasusa. Lakini mwezi ulipoandama alitembea naye mpaka mlangoni kwa Mtemi, akisonya njia nzima.

Baraza lilijaa. Wanyampara walikuwa wamekaa pande mbili, kushoto na kulia, na Mtemi kwenye kiti chake gizani. Nyamizi akaitandika nguo kwenye ngozi ya ng'ombe mbele ya kiti, kama ilivyo desturi.

Mtemi akainama kidogo.

"Hii ni nyeusi," akasema.

Waliokaa kushoto, kwa mwanga hafifu uliopenya kutoka mlangoni, walikuwa wanaona kijani. Waliokaa kulia walikuwa wanaona zambarau. Walipepesa macho, wakatazamana, na kila mmoja akaona ni salama zaidi kuyaamini macho ya Mtemi kuliko yake mwenyewe.

"Nyeusi," akasema Sengo, wa kushoto.

"Nyeusi kabisa," wakasema wa kulia.

"Kama usiku," akaongeza mmoja aliyependa kuongeza.

Nyamizi akasema, "Mtemi, nguo hii inataka mwanga. Naomba usogee nayo mlangoni."

Baraza likaguna. Sengo akasimama nusu. "Mwanamke, unamwambia Mtemi asogee? Akusogelee wewe?"

"Aisogelee nguo."

"Mtemi hainuki," Sengo akasema. "Sisi ndio tunaoletewa vitu hapa. Kama nguo yako haionekani kutoka kwenye kiti hiki, basi haina cha kuonekana."

Mtemi alitikisa mkono, ule mtikiso wa kumwambia mtu nenda. Nje, Kalunde aliyekuwa akichungulia alijishika kichwa.

Hapo Nyamizi angeweza kupiga magoti. Wengi walingoja apige. Angeweza kuomba muda, kuahidi nyekundu, kusema Mtemi ameona sawa. Badala yake aliinama, akaiokota nguo, akaikung'uta mavumbi ya ngozi ya ng'ombe, akajitanda mabegani ikamfunika mgongo mzima mpaka visiginoni.

Kisha akageuka.

Akampa Mtemi mgongo, akatembea kuelekea mlangoni kama mtu anayetoka nyumbani kwake kwenda shambani kwake. Hakukimbia, wala hakujivuta. Walinzi walitazamana. Kosa hilo halikuwa na adhabu, kwa sababu hakuna aliyewahi kulitenda.

Alipofika katikati ya chumba, mwanga wa mlangoni ukaanza kumpata sawasawa. Kijani kikawaka begani. Hatua nyingine, zambarau ikashuka mgongoni kama maji. Alipokanyaga kizingiti, pale pale alipotua yule ndege, jua lote likaingia ndani ya nguo, na rangi zikaanza kufukuzana kutoka shingoni mpaka miguuni, kijani, buluu, zambarau, na tena kijani, kwa kila hatua.

Nyuma yake kiti kikalia. Kilikuwa kiti cha zamani, na mbao zake hazikuwa zimezoea kuachwa katikati ya baraza.

"Simama," Mtemi akasema.

Nyamizi akasimama, juani. Hakugeuka.

Mtemi akatoka gizani, akapita katikati ya wanyampara wake waliokuwa hawajui kama nao wainuke au wakae, akavuka kizingiti. Akamzunguka Nyamizi. Akamzunguka tena, kwa upande mwingine. Wanyampara nao wakatoka, wakaanza kuzunguka nyuma yake, na sasa kila mmoja alikuwa na macho.

"Mimi niliona kijani tangu mwanzo," Sengo akasema.

"Basi umejua kukificha," Nyamizi akamjibu.

Kalunde akaangua kicheko, akakifunika kwa kiganja. Mtemi hakucheka. Alimtazama Sengo kwa muda, kisha akawatazama wale wa kulia, na wote wakapata kitu cha kuangalia chini. Pengine ndipo alipojiuliza ni vitu vingapi vingine alivyoambiwa ni vyeusi.

Akamrudia Nyamizi. "Nyumba yako ilikuwa inakwenda kuwa ghala. Kwa nini hukunisihi?"

"Nilikusihi usogee, Mtemi. Kuipenda nguo sikukusihi, kwa sababu nilijua ukiiona utaipenda."

"Na kama nisingeinuka?"

Nyamizi akafikiri. Alikuwa mwanamke mkweli, hakutaka kujifanya hakuogopa.

"Ningekwenda kupasua mbao," akasema. "Ningepasua nikilia. Lakini ningezipasua nimeivaa nguo hii, na mji mzima ungeniona."

Mtemi akamwamuru Sengo amwambie mfanyabiashara atafute ghala kwingine. Vitanda vya mfumi vikabaki mahali pake. Sengo alipouliza, kwa sauti ya chini, kuhusu adhabu ya kumpa Mtemi mgongo, aliambiwa kwamba kuanzia siku hiyo kila mtu atatoka barazani akitazama anakokwenda. Wazee ndio waliofurahi zaidi.

Nguo yenyewe Mtemi aliinunua, kwa bei ya Nyamizi, bila kupunguziwa. Akitaka kuhukumu jambo kubwa, aliivaa na kwenda kulihukumia nje.

Njiani kurudi, Kalunde alitembea hatua moja nyuma ya wifi yake, jambo lisilo la kawaida kwake.

"Mbona huko nyuma?" Nyamizi akauliza.

"Natazama mgongo," Kalunde akasema. "Nguo umeiacha kwa Mtemi, lakini naona bado unawaka."

Funzo: Kazi yako ikiwa ya kweli, usiibadilishe rangi ili imfae mtu aliyekaa gizani, ipeleke kwenye mwanga ukiwa umenyoosha mgongo, na mwenye haja ya kuona atainuka mwenyewe.