Nguchiro na Kamba ya Uwanjani

Zamani za kale huko, wanangu, wanyama walipokuwa wakiishi mijini na kufunga milango kwa komeo kama sisi, palikuwa na mji wenye uwanja mmoja tu.

Uwanja huo ulikuwa wa wote. Kobe mzee alichezea bao hapo, watoto wa kila mtaa walikimbizana hapo, na kila alasiri Nguchiro aliuza kahawa hapo, akigonganisha vikombe: tin-tin! tin-tin! Baba yake aliuzia hapo, na babu yake pia.

Kila mwaka, baridi ikibana kwao, korongo waliruka kuja kuota jua katika mji huo. Bwana Kiboko akajenga hoteli pembeni ya uwanja, mgeni akilipa mara moja tu anakula mpaka siku ya kuondoka. Mwaka wa kwanza alitoa meza mbili nje. Mwaka wa pili, ishirini. Mwaka wa tatu, lahaula! Akazungusha kamba uwanja mzima na kumweka Nyati awe mlinzi.

"Hapiti mtu hapa ila wageni wa hoteli!" akafoka Nyati.

"Mimi nimezaliwa nyumba ile pale!" akasema Nguchiro.

"Basi nenda ukakae ndani. Toka!"

Pu! Teke moja tu, na dele la kahawa likabingirika hadi mtaroni.

Nguchiro alilia, siwafichi. Alilia kwa hasira. Kisha akaliokota dele lake, akalipangusa matope, akasema, "Wallahi, pale pale nitakaa!"

Kesho yake akawa anazunguka nje ya kamba, tin-tin! Bi Korongo akanyoosha shingo.

"Bwana Nguchiro, hebu tufundishe mila za hapa. Tumekuja kuwaona wenyeji, mbona tunaonana sisi kwa sisi tu?"

"Mila ya kwanza, bibi, anayekula mbele za watu humkaribisha kila apitaye. Akinyamaza, aibu kubwa!"

"Ala! Na sisi tunakula hapa siku ya kumi leo! Tusemeje?"

"Semeni, 'Karibuni tule!'"

Hayo yalikuwa kweli tupu. Ila Nguchiro hakumweleza kwamba mwenyeji akikaribishwa hivyo hujibu, "Starehe," akapita zake.

Kiboko alipowasikia korongo wakijizoeza, alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Waache waite! Wenyeji wetu wana haya. Watasema starehe na kupita."

Nguchiro naye alikuwa akipita nyumba kwa nyumba. "Hodi! Kesho adhuhuri piteni uwanjani. Mkikaribishwa, hakuna cha starehe. Kaeni!"

Kobe akashika kichwa. "Mjukuu wangu, tutaonekana walafi."

"Babu, tumekaa na adabu zetu miaka mitatu, na Kiboko ametutupa mtaroni. Kesho tunakaa!"

Adhuhuri ilipofika, Kobe akatangulia, pole pole, macho chini.

"Karibuni tule!" korongo wakapaza sauti.

Kobe akameza mate. "Ahsanteni," akasema. Akapita chini ya kamba, akakaa.

Akafuata Mbuzi. Akafuata Kanga na vifaranga wake kumi na wawili. Akafuata Punda, jasho la kazi likimtiririka. Kila aliyepita akaitwa, na kila aliyeitwa akakaa. Sinia za pilau zikafagiliwa, fyuu!

Nyati akaja mbio, pembe mbele. Bi Korongo akatandaza mabawa. "Hawa tumewaalika sisi! Ukimgusa mmoja, tunaruka leo leo, na haturudi tena!"

Kiboko akatoka akihema. "Nguchiro! Waambie waondoke!"

"Wamekaribishwa, bwana mkubwa. Nani anamfukuza aliyekaribishwa?"

"Pilau yangu! Hiyo ni sufuria ya tatu!"

"Kesho tunakuja na mashemeji. Ondoa kamba, kila mtu akae uwanjani ale chake."

"Siondoi!"

Kesho yake mashemeji wakaja. Keshokutwa wakaja na wakwe. Siku ya nne Kiboko akaikata kamba kwa meno yake mwenyewe, krach! Meza zikarudi zikawa mbili.

Nguchiro akabeba jiko lake, akaliweka katikati kabisa ya uwanja, mbele ya mlango wa hoteli.

"Umenizibia njia!" akalalamika Kiboko.

"Zunguka, Bwana Kiboko," akasema Nguchiro huku akipuliza makaa. "Uwanja ni mpana."

Na nyinyi wanangu, mkiamriwa kuondoka mahali palipo pa wote, kaeni.