Sultani Aliyetoa Ua

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Sema wewe uliyekuwako!

Mimi sikuwako. Ukuta ndio uliokuwako, na ukuta una masikio.

Hapo zamani za kale, katika mji mmoja wa mawe, palikuwa na uwanja wenye kisima, mikilua na miasumini. Haukuwa na mwenyewe. Mwanamke akitaka maji, anateka. Akitaka maua, anachuma. Harusi ikiwadia, bi harusi anafungiwa kifuani kikuba cha kilua na asumini, mtaa mzima unanukia.

Akatawala Sultani Mwinyi Dadi. Akauona uwanja, akautaka. Akajenga ukuta, akajenga, akajenga, mpaka paka akiutazama shingo inamuuma. Ndani akachimba birika la samaki wekundu, akapanda mikomamanga, akafuga tausi wawili wasiopendana. Langoni akamweka askari, asiingie mtu. Bustani hiyo watu hawakuiita bustani. Waliiita ua, kwa sababu ya ukuta ule. Neno hilo lishikeni, msije mkaniuliza baadaye.

Basi mjini alikuwako Mwanatumu, somo wa mabinti, afundaye wari na kupamba maharusi. Mwari wake Zuwena, aliyekaribia kuolewa, aliposikia hakuna kikuba, akajifungia chumbani.

"Somo, bila kikuba sitoki!"

"Mwanangu, nitakufukiza udi."

"Udi hufukizwa hata shuka! Mama alivaa kikuba, bibi alivaa kikuba. Mie nina kasoro gani?"

Moyo ukamuuma Mwanatumu. Alimpenda mtoto yule, na kumtoa bila kikuba ni aibu ya somo. Watu wakamwambia, "Mwenye nguvu mpishe." Akajibu, "Nimempisha mpaka nimebanwa ukutani."

Akaenda barazani. "Nashika miguu, bwana. Naomba ua."

"Hakuna ua!"

Kesho yake akarudi. "Naomba ua, bwana."

"Nimesema hakuna ua!"

Njiani akawa analirudiarudia neno lile. Ua. Ua. Mara akasimama, akacheka peke yake.

Ijumaa, siku ya harusi yenyewe, baraza imejaa na kadhi yupo, huyo tena. "Bwana wangu, naomba ua."

Sultani akaona macho ya watu. Akaogopa kuitwa bahili. "Haya! Nimekupa ua!"

"Mbele ya kadhi?"

"Mbele ya kadhi! Kachukue, unipumzishe!"

Mwanatumu hakuchuma kitu. Alikwenda na mkeka wake, akautandika kando ya birika, akamwambia askari aache lango wazi. Wanawake wakaingia na mitungi, na watoto, na vijembe vyao. Tausi wakakimbilia juu ya ukuta, safari hii pamoja.

Sultani akaja mbio, kiatu mguu mmoja. "Mwanamke! Chukua ua utoke!"

"Nautoaje, bwana? Una kuta nne, na kichwa changu ni kimoja."

"Nilikupa ua hili!" Akaonyesha kilua mtini.

"Ulisema *hili*, bwana? Au ulisema *huu*?"

Wote wakamgeukia kadhi. Kadhi akajikuna ndevu. "Bwana hakusema hili, wala hakusema huu. Alisema ua, basi."

Sultani akapandwa na hasira. Akamgeukia askari, likamtoka neno moja tu:

"Ua!"

Upanga uko kiunoni mwa askari. Mzaha wote ukamtoka Mwanatumu. Akaogopa hasa. Akamwaza Zuwena, nani atamvisha.

Askari akamtazama bwana wake. Akamtazama somo, ndiye aliyempambia mkewe. Akanyoosha mkono, akachuma kilua, akainama, akampa Mwanatumu.

"Ua, bwana. Hili hapa."

Sasa nyie mngekuwa Sultani mngesemaje? Kwamba hilo silo? Kwamba alitaka damu, siku ya harusi, mbele ya kadhi?

Sultani akakitazama kile kilua. "Ndilo," akasema. "Ndilo hasa nililotaka."

Vigelegele! Zuwena akatoka jioni ile na kikuba kizito, analia na kucheka. Lango likabaki wazi tangu siku hiyo. Na Sultani? Wanasema akitaka hata maji ya kunywa, alitaja kikombe, na rangi yake, na kilipo. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Hadithi yangu imefika langoni. Ikiwa inanukia, ifungeni kwenye pindo la kanga mwende nayo. Ikiwa hainukii, niachieni mwenyewe, nitaimwagilia maji.