Vidole Ndani ya Mchuzi

Nianze? Basi kaeni. Wewe unayemfinya mwenzio, sogea huku nikuone. Ilikuwa zamani, zamani ile nyumba hazijajua milango, pazia tu, na kila chenye mabawa kiliingia bila hodi.

Katika nyumba moja aliishi Mwanapili, mumewe, mtoto wao Fumo na mama mkwe wake, Bi Tatu. Bi Tatu alikuwa kipofu. Kaskazi ikiingia, jua likichoma na nzi wakija makundi kwa makundi, kazi yake ilikuwa moja: kukaa jamvini kando ya sinia, mgwisho wa mkia wa ng'ombe mkononi, akiwafukuza. Akipunga huku, akipunga kule. "Nendeni, nendeni, mjukuu wangu anakula." Na desturi ya nyumba ile, mlinzi alikula mwisho, ukoko na kilichobaki.

Mwanapili msimdhanie mbaya, watoto. Alikuwa amechoka tu, na kuchoka kulimfanya aone vibaya. Siku moja alirudi kutoka kisimani, akaona vidole vya mkwewe vimo ndani ya mchuzi. Kesho yake, tena. Keshokutwa, tena. Akamweleza mumewe, mume akatazama pembeni. Basi siku ya nne akasema mwenyewe.

"Mama, unalinda au unaonja?"

Bi Tatu aliushusha mkono. Mgwisho ukasimama, nzi wakatua. Hakujitetea, hakulia. Asubuhi alifunga kifurushi chake, akaomba apelekwe kwa binti yake, kijiji cha pili. Mwanapili akashusha pumzi. Nami nasema laiti angalimshika hata nguo pale pazia lilipofunguliwa. Hakumshika.

Ehe. Mlinzi kaondoka, nzi wakapata kwao. Wakaogelea kwenye uji, wakalala juu ya samaki, wakatembea usoni mwa Fumo akisinzia. Siku ya saba tumbo likamshika mtoto: kuhara, kutapika, macho yakazama. Akawa anaita kwa sauti ndogo, "Bibi, bibi."

Mwanapili alikwenda kulichukua jamvi la mkwewe amtandikie mtoto. Alipoinua ukingo, chini yake akakuta nzi waliokauka na mchuzi wao, tele kama pilipili manga iliyomwagika. Ndipo akaelewa vile vidole vilikuwa vikifanya nini. Kila nzi aliyetumbukia, kizee yule alimsikia, akampapasa, akamtoa, akamficha, ili walaji wasipate kinyaa.

Mwanapili akamwachia mumewe mtoto, akaenda mbio juani, akikariri njia nzima: nisamehe mama, nisamehe mama. Alipofika, wifi yake alikuwa ameketi nje, kajifunika kanga kichwani. Bi Tatu alikuwa amekata roho alfajiri ile, na Mwanapili alikuwa amepishana njiani na mjumbe wa msiba.

"Aliniachia neno lolote?"

"Alikuachia huu," wifi akasema, akampa mgwisho. "Alisema kaskazi haijaisha, usimsahau Fumo."

Neno la hasira, hata moja, hakuliacha. Na hilo ndilo lililomuumiza Mwanapili kuliko yote.

Fumo alipona. Alikua, akaoa. Na kila kaskazi Mwanapili alikaa jamvini kando ya sinia, akipunga huku, akipunga kule, akila mwisho. Msamaha alioukimbilia hakuwapo tena wa kumpa. Macho yake nayo yalipofifia, siku moja alihisi mke wa Fumo amesimama kimya, anavitazama vidole vyake. Akaunyosha mkono. "Njoo, mwanangu," akamwambia. "Njoo uone ninachotoa."

Basi, wanangu, muulizeni mtu anafanya nini kabla hamjamwambia anachofanya. Na mkimkosea, rudini siku hiyo hiyo.

Kisa changu nimekifunika. Atakayekifunua, anawe mikono kwanza.