Beberu wa Mzee Gama

Jipu la mkwe hutumbuliwa na mtani. Haya, mmelisikia, mmecheka, sasa mnataka kujua lilikotoka. Chanzo chake ni hiki, na wewe unayejiziba uso kwa kanga, masikio usiyazibe.

Haule alikuwa tabibu wa zahanati moja huko Songea vijijini. Kijana hodari, mkono mwepesi wa sindano. Siku moja alimpima Oresta, mama mjamzito, akaona kaswende. Moyo ukampasuka, maana Oresta alikwisha kupoteza mimba mbili. Alimchoma sindano palepale. Lakini kumtibu mke ukamwacha mume ni kufagia nyumba huku mlango uko wazi na vumbi linaingia. Ugonjwa ungerudi, na wa kuumia ni mtoto tumboni.

Na mume ni nani? Mzee Gama, baba mkwe wa Haule! Alimwoza Haule binti yake mkubwa, kisha akafiwa na mkewe, ndipo akamwoa Oresta.

Sasa mkwe atamwambiaje mkwewe avue suruali? Haule alikwenda kumwita, wakazungumza mbolea. Akaenda tena, wakazungumza mvua. Mzee akamsifu kwa adabu, naye Haule akarudi na adabu yake, neno bado liko kooni.

Bahati njema, mkunga Semfilinge akarudi kutoka likizo. Huyo ni Mhehe, mdomo wake hauna komeo. Na Mhehe na Mngoni ni watani: akikutania huna pa kushtaki, akichukua mali yako unakwenda kuikomboa huku unacheka. Haule akamweleza mtumishi mwenzake, macho sakafuni.

"Umeshindwa kumwambia?"

"Ni baba mkwe, dada."

"Ni mkwe wako. Kwangu mimi ni Mngoni tu."

Akatoka mbio. Punde kijiji kizima kikasikia kelele: Semfilinge anaburuta beberu wa Mzee Gama barabarani, mzee nyuma yake, kofia mkononi, anahema!

"Mwizi wewe! Rudisha mbuzi wangu!"

"Njoo umkomboe zahanati, mla panya!"

Watu wakashangilia, wakijua ni utani wa kila siku. Kwenye kizingiti Semfilinge akamtupia Haule kamba, akamvuta mzee ndani, akafunga mlango. Hapo sauti yake ikashuka. Haule alibaki nje na beberu. Hakutaka kusikia, ila ukuta ulikuwa wa mbao.

"Toa kidole nikupime kaswende."

"Mimi? Ugonjwa wa vijana huo! Nina wajukuu!"

"Ulipokuwa unapanda kitandani uliwakumbuka hao wajukuu? Kaswende haiamkii shikamoo, babu. Huingia kwa mwenye mvi na kwa asiye na ndevu."

Robo saa ya kungoja kipimo, kisha sauti ya mkunga: "Imo."

"Lakini siumwi popote."

"Hujificha mwilini miaka. Oresta naye hakuumwa. Mimba zake ndizo zilizoumwa."

Haule alisikia benchi likilia. Mzee alikuwa ameketi kwa uzito.

"Zile mbili… ni mimi?"

"Huenda. Nani alimletea mwenzake, hatujui, na leo hatutafuti mwizi. Tunamtafuta mtoto huyu wa tatu."

Haule akaishika kamba hadi vidole vikafa ganzi. Mzee akitoka na hasira sasa, basi tena.

"Sindano inachomwa wapi?" mzee akauliza.

"Pale ulipokalia ubishi wako. Geuka! Na wiki ijayo urudi, na nyingine tena. Mpaka nikuambie basi, ni kondomu, hata ukinuna."

Yalaa iliyotoka humo iliruka hadi sokoni!

Oresta alijifungua mtoto wa kike mwenye sauti ya kuamsha kata. Alipimwa, akaonekana salama. Haule akamsogelea mkwewe nje ya wodi.

"Baba, nisamehe. Mimi ndiye niliyepaswa kuku…"

Mzee Gama akainua mkono upesi, akatazama pembeni.

"Ishia hapo hapo, mwanangu. Jipu la mkwe hutumbuliwa na mtani."