Vibuyu Viwili vya Haki

Mwanamke mmoja alikuwa na wana wawili, na wote wawili mto uliwatenga na nyumba yake. Masunga, mkubwa, alijenga ng'ambo ya juu, palipokuwa na daraja tangu enzi za baba yao. Lubinza, mdogo, aliangukia ng'ambo ya chini, mahali ambapo mtu huvuka kwa kupima maji kwa fimbo huku akimtaja Mungu. Soko lilikuwa upande wa mama. Zahanati nayo ilikuwa upande wa mama. Na katikati ya ndugu hao wawili palikuwa na korongo na kinamasi ambacho wakati wa masika hakuna anayekijaribu.

Mwaka mmoja mama alivuna pamba vizuri, akanunua mbao, nondo na saruji za kutosha kazi moja. Akasema kazi hiyo itafanywa mtoni, kwa ajili ya wanawe. Ila hakutaka kuambiwa tena kwamba anapendelea. Maneno hayo alikuwa ameyasikia ya kutosha, kutoka ng'ambo zote mbili, na yalimuuma kwa sababu hayakuwa kweli. Kwa hiyo akaapa kutotumia macho yake katika jambo hili, maana macho ya mama, alisema, hayaaminiki. Atatumia hesabu. Hesabu haina mtoto.

Akaweka watumishi wawili, mmoja kila kivuko, kila mmoja na kibuyu na mfuko wa punje za mahindi. Mtu akivuka, punje moja. Watumishi walikuwa waaminifu, naomba hilo lieleweke. Katika habari hii nimemtafuta mwizi na sijampata, na ndiyo maana inanisumbua.

Baada ya siku saba vibuyu vikaletwa. Cha juu kilijaa hadi shingoni. Mke wa Masunga akacheka: "Wa chini poleni jamani. Huku kwetu hata kuku wanavuka." Cha chini kilikuwa na punje nne, na mbili kati ya hizo zilikuwa za Lubinza mwenyewe, akienda kuulizia hesabu inaisha lini, na akirudi.

Basi mbao zikapanda juu. Daraja la Masunga likapanuliwa hadi mikokoteni miwili ikaweza kupishana, na mama akashusha pumzi kama mtu aliyetenda haki.

Kabula, mke wa Lubinza, alikuwa na mimba ya miezi minane. Ya kwanza ilimharibikia akiwa amekaa juu ya mawe ya ukingoni, akisubiri maji yapungue aende zahanati. Siku aliposikia nyundo za juu aliteremka mtoni, akapaza sauti mpaka Jilala, mtumishi wa kivuko cha chini, akamsikia upande wa pili na kuyapeleka maneno kama alivyopewa:

"Mwambie mama, amehesabu wanaovuka. Sisi tunaoishia hapa na kurudi, ametutia kibuyu gani?"

Mama akachanganyikiwa. Akavimwaga vibuyu, akahesabu upya. Kila punje ilikuwa ya kweli. Uonevu umeingilia wapi, akajiuliza, ilhali kila mlango wa uonevu aliufunga kwa mkono wake mwenyewe? Akawaita wajuzi. Mmoja akasema vibuyu vilikuwa vidogo. Mwingine akasema siku saba hazitoshi, sharti ziwe kumi na nne. Wajuzi hao mnawafahamu. Mwisho mama akaamuru hesabu irudiwe, safari hii vibuyu viletwe kila jioni, asije akamwonea mtu. Jilala akauliza kama safari hii awatie na wanaosimama tu. Akaambiwa asiharibu hesabu.

Mvua zikaanza. Siku ya tatu ya hesabu mpya, asubuhi, Lubinza akaita kutoka ng'ambo kwamba uchungu umemshika mkewe, na maji hayavukiki.

Mama akaacha kila kitu, akateremka kivuko cha chini kwa miguu yake, kwa mara ya kwanza tangu Lubinza ahamie kule. Maji yalikuwa ya rangi ya udongo, yamebeba mti mzima na mizizi yake. Ng'ambo aliiona nyumba ya mwanawe, aliuona mlango, alimwona mwanawe akikimbia kuizunguka nyumba bila kujua la kufanya. Akaingia mtoni hadi magotini, akarudi. Akaingia tena, akarudi. Alimwita Kabula kwa jina, na mto ukalichukua jina. Mchana sauti kama ya kichanga ikasikika kule, au pengine ilikuwa ni maji. Hakuna aliyeweza kumwambia. Alisimama hadi miguu ikafa ganzi. Jua lilipoanza kushuka aligeuka, akapanda njia ya nyumbani, hajui kama ana mjukuu, hajui kama bado ana mkwe.

Jilala alikuwa pale siku nzima, hatua tatu kutoka kwake, akiona yote. Na kwa kuwa alikuwa mtumishi mwaminifu, jioni alikipeleka kibuyu kwa mama kama alivyoagizwa. Kitupu.

Sasa niambieni, ninyi mnaogawa kwa haki: siku ile, pale kivukoni, walifika watu wangapi?