Mshenga Mwenye Jalada la Ngozi

— Ngano yangu inabisha hodi.

— Karibu, ngano. Vua viatu, uketi.

— Imekuja na mnyama mdogo.

— Mpeni kigoda.

— Imekuja na mnyama mkubwa pia.

— Huyo akae karibu na mlango, tupate kumtoa kwa urahisi.

Haya, wote wamekwisha kukaa. Tegeni masikio.

Hapo kale, chini ya kilima chenye mawe mekundu, palikuwa na nyumba iliyoachwa na mpima ardhi. Mpima ardhi alikuja, akapima, akachoka, akaenda zake. Aliacha meza moja, birika moja, kopo zima la majani ya chai na kasha la vitabu. Ndani ya kasha hilo akazaliwa Panya.

Panya alijifunza kusoma kwa njia ambayo mwalimu yeyote angeikataza, maana alianza kwa kutafuna. Alitafuna kitabu cha hesabu, kaku kaku kaku. Alitafuna kamusi, kaku kaku kaku. Hata siku moja akalitazama neno kabla ya kulitia kinywani, akalielewa. Meno yakasimama. Tangu siku ile hakutafuna tena karatasi, lakini kasha lilikuwa limebaki na kitabu kimoja tu: hadithi ndefu ya Kiingereza cha zamani, yenye jalada la ngozi na utepe mwekundu wa kuwekea alama. Kitabu hicho kilikuwa na siri, na siri yenyewe aliijua Panya peke yake. Nami sitaitoa sasa.

Kila alasiri Panya alikifungua kitabu juu ya meza, akasoma na kufasiri, na wanyama wakaja kusikiliza. Hadithi ilimhusu msichana yatima aitwaye Filipa, aliyelelewa na mjomba wake katika nchi ya baridi. Alitakwa na wanaume wawili: Bwana Jerald, mwenye jumba na farasi wanane, na mwalimu wa kinanda, mwenye koti lililotoboka viwiko. Filipa aolewe na nani? Hilo ndilo lililowakusanya.

"Mimi sielewi," alisema Bi Nungunungu, ambaye aliwahi kuwafunda mabibi harusi wa kilima kizima. "Msichana anaposwa bustanini, peke yake, na mwanamume aliyekuja kwa miguu yake mwenyewe. Mshenga yuko wapi?"

"Kwao hakuna mshenga, Bi mkubwa," alisema Panya.

"Basi anayesema uongo kwa niaba ya bwana harusi ni nani?"

"Anausema mwenyewe."

"Masikini," alisema Bi Nungunungu. "Kazi nyingi hiyo kwa mtu mmoja."

Kobe naye alikuwa na lake, na alilisema kila siku. "Kwa nini mvua inanyesha kila wakikosana? Kwetu watu hukosana kiangazi na mvua haiji."

"Ni ufundi wa mtunzi," alijibu Mize, binti Kanga, aliyekuwa akiketi mbele kabisa, madoadoa yake yakimeremeta. Kati ya wasikilizaji wote, ndiye aliyempenda Filipa kuliko wote, kwa sababu katika sura ya tisa Filipa alimkatalia Bwana Jerald bila kupandisha sauti.

Nyuma ya wote, kichwa chake kikiwa kimepenya dirishani kwa kuwa mwili haukuenea mlangoni, alisimama Nyati. Nyati hakusema neno hata siku moja. Filipa alipolia, machozi ya Nyati yalianguka sakafuni, do, do, do, na Kobe akasogea asilowe.

Fisi hakuja kwa ajili ya Filipa. Alikuja kwa sababu penye wengi huenda pakaanguka kitu. Alilala kizingitini, jicho moja wazi, mpaka siku ya sura ya kumi na mbili, Panya aliposoma kwamba mjomba wa Filipa atampa mume wa mpwa wake shamba zuri lenye mto. Jicho la pili likafunguka.

"Rudia hapo," alisema Fisi.

Panya akarudia.

"Mume anapewa?"

"Anapewa."

"Hatoi?"

"Hatoi."

"Kumbe kuna watu wana akili duniani," alisema Fisi, akaondoka.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa Kanga.

"Shikamoo, baba mkwe."

Kanga alitazama nyuma yake kuona nani anayeitwa. "Marahaba. Mshenga wako yuko wapi?"

"Naoa kwa kitabu. Kitabuni hakuna mshenga."

"Na mahari?"

"Kitabuni wanatoa wenye msichana. Nitachukua lile shamba lako la mtama, na Mize juu yake. Mimi si mtu wa ubishi, baba mkwe. Nikikosa mke, nitapata kitoweo."

Mize alikimbia hadi nyumba ya mpima ardhi, tapu tapu tapu, akaingia bila hodi.

"Mwalimu," alisema, "kitabu chako kimenichumbia Fisi."

Panya alisikiliza yote, mkia umeshuka. Yeye ndiye aliyesoma sura ya kumi na mbili, na yeye ndiye aliyeirudia. Lau Mize angeliwa, angekuwa ameliwa kwa kinywa cha Fisi na kwa sauti ya Panya. Alikitazama kitabu kwa kitambo kirefu, hasa jalada lake, kama mtu anayemtazama ndugu anayefunga safari.

"Mwambie baba yako akubali," alisema hatimaye. "Halafu njooni nyote alasiri."

Alasiri ikafika, na baraza likajaa.

"Bwana Fisi," alisema Panya, "nasikia unaoa kwa kitabu. Ni kwa sura moja uipendayo, au kwa kitabu kizima?"

Macho yote yakamgeukia Fisi. Mbele ya watu alipenda kuonekana mkubwa.

"Kizima."

"Vema. Lakini Bi mkubwa hapa hapati usingizi kwa ajili ya mshenga, nasi tumridhishe. Kitabu ndicho kitakuwa mshenga wako. Atakalofanya Bwana Jerald, nawe utalifanya. Kikisema ngoja, utangoja. Kikirudi na jibu, utaoa. Nawe utamtunza kama mshenga anavyotunzwa. Unaapa?"

"Naapa."

"Mbele ya nani?"

"Mbele yenu nyote."

Dirishani Nyati alishusha pumzi, hmmmm, na mapazia yakapepea.

Siku ya kwanza Fisi alikuja barazani kuzuru wakwe. Alikuja na tumbo tupu, kwa kutarajia.

"Bwana Jerald anakula nini katika sura ya tatu?" aliuliza.

"Chai," alisema Panya.

"Na ya nne?"

"Chai."

"Na ya tano?"

"Chai, na kipande cha mkate ambacho hakukigusa kwa sababu ya mapenzi."

Wakammiminia chai. Fisi akanywa. Tumbo likanguruma, ngurururu. Panya akafunga kitabu, akaimba:

*Subiri bwana subiri, kitabu hakijaisha,*
*Mpenzi huwa hodari, njaa haitomchosha.*

Siku ya pili Fisi alisema, "Leo nioe."

"Leo Bwana Jerald anatembea kwenye mvua," alisema Panya, "maili saba, bila kofia, akiwaza."

"Akiwaza nini?"

"Kitabu hakisemi. Waza chochote ila chakula."

Mvua ilikuwapo, kwa kuwa ulikuwa mwezi wake. Fisi akaizunguka nyumba, chwata, chwata, chwata, mpaka manyoya yakamgandama na mbavu zikahesabika. Kobe alimtazama akipita mara ya tano, akasema, "Ajabu. Hata hawajakosana." Wakampa chai. Tumbo likasema ngurururu. Panya akaimba:

*Subiri bwana subiri, kitabu hakijaisha,*
*Mpenzi huwa hodari, njaa haitomchosha.*

Siku ya tatu Fisi alisema, "Leo nioe."

"Leo ni sura ya tisa," alisema Panya. "Unakataliwa."

Mize alikuwa ameisubiri sura hiyo. Akasimama, akakunjua mabawa, akasema kwa upole, "Bwana Fisi, nakushukuru kwa heshima uliyonifanyia. Lakini moyo wangu hauna nafasi, na hata ungekuwa na nafasi, wewe unanuka."

Fisi akamgeukia Panya. "Hilo la kunuka limo?"

"Limo. Ila Kiingereza hulisema kwa kuzunguka."

Wakampa chai. Tumbo halikunguruma tena; lilikuwa likilia chinichini kama kinda.

Siku ya nne, asubuhi na mapema, Panya aliketi peke yake na kitabu. Alikifungua popote, akasoma ukurasa mmoja. Ulikuwa ule ambao mwalimu wa kinanda anaficha viwiko vyake nyuma ya kiti ili Filipa asivione. Akaucheka, kama alivyoucheka kila mara. Kisha akachukua mafuta ya mkia wa kondoo aliyoyahifadhi kwenye kopo, akalipaka jalada. Akapaka mbele, akapaka nyuma, akapaka uti wa kitabu mpaka ngozi ikang'aa na kutoa harufu nzito, tamu, iliyowafanya hata nzi waulizane njia.

Fisi alipofika, kila mtu alimwona Panya akimkabidhi kitabu kwa mikono miwili.

"Katika sura ya ishirini," alisema Panya, "Bwana Jerald anaketi peke yake dirishani, kitabu mapajani, akingoja jibu. Mshenga wako leo ni mgeni wako. Nimempaka mafuta kidogo, ngozi isipasuke. Alasiri mlete barazani, atupe jibu."

"Na chai?"

"Leo hakuna chai."

Mlango ukafungwa. Fisi akaketi dirishani. Akatazama nje. Akatazama ndani. Pua ikatazama mapajani. Alikuwa hajala siku tatu, na chai ilikuwa imemsafisha tumbo vizuri. Akasema, "Nitamnusa tu mgeni wangu." Akanusa. Akasema, "Nitamfuta tu mafuta yaliyozidi." Akalamba, lap, lap, lap. Akasema, "Pembe moja ikipungua haitaonekana."

Kwaruu.

Alasiri wakakutana barazani, nje ya mlango, ila Nyati, aliyepenyeza kichwa dirishani nyuma ya nyumba kama kawaida. Fisi akatoka, amesimama wima, midomo imefungwa.

"Karibu, mwanangu," alisema Kanga, sauti ikimtetemeka. "Mshenga yuko wapi?"

Fisi alijibu kwa ncha ya ulimi. "Ametoka kidogo."

Alipofungua kinywa kusema hayo, utepe mwekundu uliteremka kwenye kidevu chake, ukaning'inia.

Bi Nungunungu akasogea, akaushika utepe ule, akauvuta. Ulikuja wote, na uzi wa kushonea kurasa ukaufuata.

"Amemla mshenga," alisema. "Nimewaoza wengi kilimani hapa. Nimeona mshenga akingojeshwa juani, nimeona akitukanwa, nimeona akimwagiwa maji ya vyombo. Mshenga kuliwa ndiyo leo."

"Nitatuma mwingine," alisema Fisi.

"Tuma," alisema Kanga, ambaye ujasiri ulikuwa umeanza kumrudia. "Lakini kitabu hakipo tena. Sasa ni kwa desturi yetu: posa, mahari, na shamba langu libaki langu."

"Basi nachukua kitoweo," alisema Fisi, akapiga hatua moja kumwelekea Mize.

Ndipo ukuta ulipotikisika. Nyati alikuwa akitoa kichwa dirishani. Alikitoa polepole, fremu ikiwa bado shingoni kama kidani, akaizunguka nyumba, akasimama mbele ya Fisi. Kisha akasema, kwa mara ya kwanza tangu sura ya kwanza:

"Nilikuwa nataka kujua mwisho."

Fisi alimwelewa kwa ukamilifu. Wakaondoka pamoja, Fisi mbele, Nyati nyuma, guu guu guu guu, wakapanda kilima, wakateremka upande wa pili, na kilio cha Fisi kikasikika ng'ambo ya mto, kikapungua, kikakoma. Nyati alirudi kabla ya magharibi. Fisi hakurudi.

Wengine walipokwenda kushangilia kwa Kanga, Mize alibaki. Alimkuta Panya ndani ya kasha tupu, amejikunja pembeni.

"Mwalimu, umetoa kitabu chako kwa ajili yangu."

Panya akavuta mkia wake karibu.

"Nakiri nina deni la shukrani. Lakini niambie mimi tu, wewe ulikisoma chote. Filipa aliolewa na nani?"

Panya alijifuta pua. Hii ndiyo ile siri.

"Sijui," alisema. "Sura ya mwisho niliila. Nilikuwa mdogo, sijui kusoma, nami nilikuwa na njaa. Kila alasiri nilipokuwa nikisoma niliona siku ile inakaribia, mtakapofika mwisho mkute kingo zilizotafunwa. Fisi ameniokoa mimi kuliko nilivyokuokoa wewe."

Mize akaingia ndani ya kasha, akaketi karibu naye.

"Ilikuwa na ladha gani?"

Panya alifumba macho akikumbuka. "Tamu. Kisha mwishoni, chumvi kidogo."

"Basi aliolewa na yule wa kinanda," alisema Mize, "na mjomba akalia."

Kesho yake alasiri baraza likakutana kama kawaida, meza ikiwa tupu. Mize akasimulia sura ya mwisho, neno kwa neno, na Kobe akataka kujua kama mvua ilinyesha. Dirishani, ambako sasa hakukuwa na fremu, machozi ya Nyati yalianguka, do, do, do.

Na mafunzo ya ngano hii, wanangu, ni haya: kitabu ni cha kusoma, si cha kula. Aliyekila alikosa mke na shamba. Aliyekila kabla yake akawa mwalimu, lakini huyo msimfuate.

— Ngano yangu inavaa viatu.

— Mbona mapema? Chai bado ipo.

— Chai ndiyo inayoifukuza.

— Basi iende salama, na utepe wake ituachie.

— Nimeuacha. Wekeni alama hapa.